Kifungu cha Nne

Daftari la sheria ninalo mimi, la kurasa themanini,
nyuma ya jalada lina jedwali la kuzidisha.
Niliziandika mwenyewe enzi za kabureta,
tulipokuwa saba, na magari yetu yote
tuliyajua mpaka boliti iliyokosa nati.

Kundi A: injini isiyozidi elfu moja na mia tano.
Kundi B: inayozidi hapo.
Kifungu cha nne: ni marufuku kufunga mtambo wowote
wa kumsaidia dereva kuondoka mstarini.
Kifungu cha saba: atakayemaliza mita mia nne
chini ya sekunde kumi na moja na nusu
awe na kizimba cha chuma ndani ya gari, kilichochomelewa,
la sivyo asirudi.
Hicho cha saba tulikiandika tukicheka.
Nani kati yetu angefika huko?

Jumapili hii, Kigamboni, kwenye lami ya viwanja
ambavyo hadi leo vina vigingi tu na mbigili,
akaja Aikande, mhasibu wa Tabata,
na gari lililoshuka bandarini mwezi wa pili.
Kiti cha mtoto kimefungwa nyuma,
makombo ya biskuti kwenye mshono.
Kiyoyozi kinavuma.

Nikafungua boneti nitafute kosa.
Nikakuta plastiki nyeusi, pana, kama sinia lililofunikwa.
Miaka thelathini ya Gerezani imo mikononi mwangu
na sikuona pa kuingiza spana.

"Umeongeza nini?" nikamuuliza.
"Mafuta," akasema.

Taa ya kijani.
Tairi hazikulia; kompyuta zilishakubaliana
lipi livute na lipi lingoje.
Mtambo wa kuondokea upo,
ila hakuna aliyeufunga. Gari limezaliwa nao.
Kifungu changu kinasema "kufunga".
Neno hilo moja likanikaa kooni
kama mwiba wa kibua.

Kombo akasoma saa, akaifuta kwa shati, akasoma tena:
kumi na moja, nukta ishirini na nane.

Wanasema sheria ni msumeno.
Wangu niliunoa kwa ajili ya mbao,
leo naletewa kioo.

Nikamwambia: huna kizimba, huwezi kurudi mstarini.
Akanitazama kama stakabadhi isiyo na muhuri.
"Nitoboe sakafu ya gari la mkopo?
Kadi yake iko benki.
Lina mifuko saba ya hewa, mzee wangu.
Nikichomelea bomba Keko,
kesho shuleni kichwa cha mwanangu kigonge wapi?"

Pembeni, Mfaume kaegemea Korola yake,
yenye kizimba kinene kama kitanda cha hospitali.
Anamaliza kwa sekunde kumi na sita.
Karuhusiwa kila asichokiweza.

Sikuwa na jibu, nilikuwa na daftari.
Nikasema: ukimaliza juu ya kumi na moja na nusu, ni halali.

Mara ya pili akaondoka vilevile, kimya,
akamwacha kijana wa Subaru kama aliyeegesha.
Halafu, hatua thelathini hivi kabla ya mstari,
nikaziona taa zake nyekundu.
Mtu anashinda, anakanyaga breki.

Kombo: kumi na moja, nukta hamsini na moja.
Watu wakapiga makofi.
Nikaandika HALALI,
kalamu ikatoboa karatasi.

Usiku nimefungua ukurasa mpya.
Nimeandika "Kundi C", nikaweka nukta mbili,
chai ikapoa.
Nimempigia Aikande. Nimemuuliza:
huko kwenye hesabu zenu,
kitu ambacho mtu hakukinunua wala hakukiiba,
amekikuta tu ndani ya kitu kingine,
mnakiandika safu gani?

Amenyamaza kidogo.
Nyuma yake namsikia mtoto
akikataa kuoga.