Chuku

Niliposema mgongo unaniua
msimamizi wa zamu alicheka: "Unapiga chuku."
Leo, juu ya duka la betri, barabara ya Kasapa,
Bi Qiu ananipiga chuku kweli.

Anawasha pamba, anaupeleka moto ndani ya glasi,
anautoa, na pwa! ngozi inanyweka.
Saba. Nane. Moja imeng'oka; anaguna, anairudisha.

Hatuna lugha. Kidole chake kinauliza: hapa?
Hapo. Ndipo linapokaa gunia la mawe ya kijani.

Nyanya yangu, Katuba, alikuwa na pembe ya mbuzi,
akifyonza kwa mdomo, akiziba kwa nta,
akinuka ugoro.

Usiku Kabedi anahesabu miduara kwa tochi ya simu:
"Nani amekugongea mihuri? Unavushwa Kasumbalesa?"

Nacheka,
na mgongo haukatai.