Beki Tatu

Misimu kumi na minne, ubavu wa kushoto.
Sandali Nampoto, jezi namba tatu,
na jukwaani hawakuuchoka utani uleule:
"Beki tatu, vyombo umeshaosha?"

Alianzia Nachingwea, kiwanja cha kokoto.
Masasi wakamnunua kwa seti ya jezi na mipira miwili,
mmoja una pancha.
Wakamtoa kwa mkopo Newala;
Newala hawakumrudisha, wala Masasi hawakuuliza.

Mshahara? Ngoja mnada wa korosho.
Mnada ukapita.
Katibu akabadilisha laini ya simu.

Mara moja tu, Ilulu, mvua ya Machi,
mechi ya kombe, wageni wa Dar wenye basi lao,
aliingizwa dakika ya themanini na sita.
Aligusa mpira mara tatu.
Mtangazaji wa redio akamwita Sandari Mpoto.
Mama yake, kule Ruponda, akamtambua hivyohivyo,
akakimbia kugonga kwa jirani;
waliporudi, lilikuwa tangazo la sabuni.

Goti lilikatika Jumanne, mazoezini,
hakuna aliyemgusa.

Siku hizi anapima magunia ghala la chama cha msingi.
Jumamosi huamka kabla ya adhana,
ndoo ya majivu mkononi, kuchora kiwanja.
Mstari wa kulia humwachia kijana yeyote.
Wa kushoto huumwaga mwenyewe,
anachechemea, hana haraka,
na akifika kwenye kibendera cha kona
hugeuka nyuma,
kutazama winga kapitia wapi.