Msumari wa Gerlinde

Mzee Nehls alisahihisha gazeti miaka thelathini na minane,
zamu ya usiku, kalamu nyekundu, chai ya mnanaa ikipoa,
na alipostaafu wakampa saa ya ukutani
iliyochongwa mgongoni maneno saba ya shukurani,
moja likiwa limekosewa.
Hakuitundika.

Toka hapo mji mzima wa Görlitz ukawa ukurasa wake.
Kwa kinyozi, ritifaa imekwama katikati ya Jumatatu
kama mwiba wa samaki kooni.
Kwa muuza magari, magari ni mengi,
na kila wingi umechomekwa kijialama,
kana kwamba magari nayo yana mali yao.
Mlangoni kwa daktari wa meno, das ya s moja
mahali panapodai mbili.
"Na huyu," alisema, "ndiye wa kunihesabia magego!"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, tukikaa ghorofa ya chini yake.
Mama aliamini napelekwa kufundishwa imla.
Nilifundishwa, haki ya Mungu.
Nilishika tochi.

Maana kulikuwa na Gerlinde Pohl, kibanda cha soseji karibu na daraja,
na juu ya kibanda, kwa rangi ya kijani: Gerlinde's.
Kijerumani cha Mzee Nehls hakikuwa na mlango hapo:
s ya umiliki hulala kifua kwa kifua na jina,
hapapiti hata ukucha.
Alimwandikia barua tatu, zenye tarehe na sahihi.
Ya tatu tuliiona imefungia vitunguu vya mteja.

Basi Novemba, saa nane za usiku,
ukungu ukipanda kutoka mtoni,
ngazi, kikwaruzo, mzee wa miaka sabini na mbili
amevaa tai. "Kazi ni kazi," akasema.
Akakwaruza.
Akakwaruza tena.
"Rangi gani hii? Hii ni chuma."
Akaomba koleo.

Kung'oa: neno lisiloandikika
bila kubeba yenyewe ile alama.
Wakati ule sikulijua neno hilo. Nalijua leo,
na kila nikiliandika nacheka peke yangu.

Aling'oa.
Kibao kikashuka chote, jina na mali,
kikapita sikioni kwangu, kikatua kwenye pipa la chupa.
Mbwa wa mtaa mzima wakatoa maoni.
Dirisha la juu likafunguka, na Gerlinde ndani ya koti la mumewe:
"Bwana Nehls. Ule ulikuwa msumari."

Yeye ngazini, koleo mkononi,
na kwenye koleo ushahidi, umepinda kidogo.

"Niliandika," alisema hatimaye. "Mara tatu."
"Nilisoma. Koma zilikuwa nyingi,
sikujua wapi unanitukana."

Alilipa ubao. Akaandika mwenyewe, wiki mbili,
kwa brashi ya manyoya, herufi zimesimama kama askari wa gwaride:
Gerlindes.
Jina na s yake, bega kwa bega, safi.
Nilimwona akirudi nyuma hatua nne, akifumba jicho moja.
Nadhani ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote nilizomjua.

Kisha Gerlinde akaleta nyundo.
Boriti, alieleza, iko moja tu,
na iko papo hapo, kati ya e na s,
wala yeye hakuijenga.
Ko, ko, ko.

Kila Alhamisi Mzee Nehls alikula soseji yake pale,
haradali nyingi, mgongo ameupa kibao.
Na akipita mgeni, akatazama juu, akaanza kutabasamu
kile kitabasamu cha mtu aliyekamata kosa la mwenzake,
mzee alimuwahi, mdomo bado umejaa:
"Ni msumari."