Bi Msumeno

Tumetoka Kunduchi saa kumi na mbili na nusu,
mimi na Mwinshehe, daftari ndani ya mfuko wa nailoni.
Hatuhesabu pomboo, tunahesabu mapezi:
hili lina pengo la wavu,
hili ncha imeliwa,
lile laini ni la mtoto, halina namba bado.

Nyuma ya Mbudya wamepumua kumi na mmoja.
Pfu. Pfu. Kalamu inakimbia.

Namba kumi na nne, Bi Msumeno, hayupo.
Mwezi wa tatu huu.

Mwinshehe anauliza: nimfute?
Andika hakuonekana.
Bahari haitoi cheti cha kifo,
na hesabu yetu imeacha nafasi
ya walio chini, wanaoisikia injini,
wakabana pumzi.