Mfuko wa Birika

Alhamisi, Senga hufungua kwa bega
mlango wa chumba kilicho chini ya kanisa,
maana kufuli limekunywa unyevu wa mto Tay
na ufunguo peke yake hauna ubavu.
Ndani kunanuka vitabu vya nyimbo na viazi.
Tunavua makoti, tunavaa aproni,
tunawasha mizani.

Hapa kila kitu hupimwa kabla hakijapangwa:
tambi, kilo arubaini na mbili;
maharage ya kopo, Mungu ndiye ajuaye;
pakiti moja ya maziwa ya unga
ambayo mtu ameiandika juu, kwa kalamu ya mtoto:
samahani ni kidogo.
Akiba haiozi, wanasema.
Hawajaziona ndizi zetu.

Mimi niliendesha basi miaka thelathini na mmoja,
namba ishirini na mbili, katikati ya Dundee hadi kilimani.
Watu nawajua kwa vituo vyao.
Nikitazama foleni iliyoegemea ukuta, mvua ikiwanyea,
naona: Hospitali. Shule ya Zamani. Mwisho wa Njia.

Mifuko yetu ni ya aina tatu.
Wa jiko una mchele, viazi, unga, mafuta.
Wa birika una supu ya pakiti, shayiri laini,
vitu vya kumwagiwa maji ya moto na kufunikwa sahani.
Wa baridi Tadeusz huufunga yeye, kimya,
mkate, na makopo ya kufunguliwa kwa kidole,
kwa asiye na umeme hata wa birika,
au asiye na mlango.

Kwa hiyo swali lazima liulizwe.
*Nyumbani una cha kupikia?*
Senga huliuliza akiikodolea macho karatasi.
Tadeusz hulikohoa.
Mimi hunikauka kooni kila mara,
na mizani yetu haina tarakimu za kulipima.

Leo akaja mama wa Mwisho wa Njia.
Enzi zile alipanda alfajiri, saa kumi na mbili kasoro tano,
sare ya kufagia maofisi chini ya koti,
nauli kamili kiganjani, sarafu zimeshapata joto.
Siku moja zilipungua peni mbili.
Nikamwambia apite, si kitu.
Kesho yake akaziweka mbele yangu, mbili,
moja kando ya nyingine,
na hatukuzungumza.

Nikauliza.
"Ninalo jiko," alisema. "Jiko zuri tu."
Alisema upesi, kama anayevuta mlango
mgeni asione sebule.
Nikampa mfuko wa jiko. Akaupokea.
Jicho lake likatua kwenye viazi
na likakaa pale
muda wa taa nyekundu.

Dereva hulipwa kwa kutazama vioo.
"Samahani," nikasema, "huu umechanika chini."
Haukuchanika.
Nikaenda nao nyuma ya pazia:
mchele nje, unga nje,
supu saba ndani, shayiri, biskuti, majani ya chai.
Viazi viwili nikaviacha juu kabisa,
vionekane.

Akauchungulia. Akaniangalia.
"Ishirini na mbili," alisema. "Ulikuwa unanisubiri."
"Ulichelewa mara moja tu."
"Mara mbili," alinisahihisha,
akaupandisha ukosi wa koti, akatoka.

Saa kumi tulifunga hesabu.
Kilo mia tatu na nane zimetoka,
Senga akaandika, akapiga mstari.
Tadeusz akasukuma meza ukutani,
mimi nikapanda ngazi kutoa takataka.

Kwenye ngazi ya juu, mahali pakavu,
viazi viwili,
kimoja kando ya kingine.

Nikashuka navyo, nikaiwasha mizani tena.
Gramu mia nne na kumi.
Senga akauliza vimetoka kwa nani.
Nikamwambia andika tu:
vimeingia.