Doa Chini ya B

Kioo kililetwa kwa mkokoteni kutoka Makoroboi,
kimefunikwa shuka la marehemu,
na Ng'walu akitembea ubavuni mwake
kama anayempeleka mgonjwa Bugando.

BUGUMBA NA WANAWE, WASHONAJI.
Herufi za jani la dhahabu, kivuli chekundu.
Wanawe sasa ni yeye peke yake.
Dhahabu ilikuwa nzima; dhahabu haina habari na ziwa.
Fedha ndiyo iliyoliwa,
kuanzia kingo, weusi ukiingia ndani
kama maji ya Mirongo yaingiavyo majumbani Aprili,
bila hodi, na yakitoka yanaacha mstari ukutani.

"Kinanionyesha nimezeeka," akasema.
Nikamwambia hilo si kosa la kioo peke yake.
Tukacheka.

Kazi hii nilifundishwa na Lushinge, hapa hapa,
miaka niliyolipwa chai na maneno makali.
Osha mara tatu. Kisha osha.
Maji ya bomba hapana; ya ziwa usinitajie.
Nunua maji ya betri.
Na mikono nyuma! Usiguse.
Ukigusa, mafuta ya kidole chako
yatakaa humo kuliko utakavyokaa wewe duniani.
Nilidhani ni vitisho vya mafundi.

Nikalaza kioo kifudifudi juu ya magunia,
nikakwangua rangi ya mgongoni, kisha shaba,
kwa pamba na wembe, polepole,
na pale chini ya B ya kwanza,
penye doa ambalo kila mteja wa suti
alidhani liko kwenye tai yake,
nikakuta alama ya kidole gumba.
Mistari ilizunguka kama mapito ya ng'ombe kilimani
hadi katikati, ilipokatwa na kovu la mshazari.

Kovu lile nalijua.
Nimelitazama miaka tisa
likishika brashi, likihesabu noti.

Alikuwa kijana, basi.
Labda jioni ile wadudu wa ziwa walipanda kama moshi,
mmoja akatua kwenye fedha mbichi,
naye akawahi kumtoa.
Hakumwambia mtu.
Akapaka shaba, akapaka rangi, akalipwa.

Asidi huondoa yote kwa dakika chache.
Nikashika chupa.
Nikaiweka chini.
Nikayeyusha mshumaa, nikaifunika alama ile,
kisiwa cha nta kisichozidi sarafu,
herufi nikazikinga kwa vanishi,
kisha nikafuta kilichobaki
mpaka kioo kikawa dirisha tu, nikaona magunia.

Chumvi ya fedha. Sukari.
Amonia, iliyonitoa machozi
(amonia, nasema).
Nikamwaga.
Kwanza hakuna kitu.
Kisha chai ya rangi. Kisha matope;
asiyejua hukata tamaa hapa.
Kisha paa likaja ndani ya kioo
na misumari yake yote.

Nikapaka shaba, rangi mara mbili,
kingo nikazifunga kwa shelaki na kuzifunga tena,
maana ziwa halilali: usiku linapumua,
linaonja mabati, bawaba, mabango ya zahanati,
na likionja halisahau ladha.

Ng'walu alikuja Jumamosi.
Akasimama, akanyoosha ukosi.
"Doa bado lipo."
"Lipo."
"Nilikulipa uliondoe."
Nikamwambia ni la nani.
Akasogea hadi pumzi yake ikatia ukungu,
akainua gumba lake mwenyewe,
likaishia hewani.

"Basi nakata elfu kumi."
"Kata."

Mkokoteni ulipoondoka, bila shuka safari hii,
mtaa mzima ulikwenda kinyumenyume ndani ya kioo,
mawe, nguo kambani, kuku wa jirani,
nami nimesimama mlangoni,
nikizidi kuwa mdogo,
mikono nyuma.