Sayari Kumi na Tisa

Saa nane usiku, mjini Kemi. Theluji imetulia kidogo.
Gari langu la kuchota theluji linatweta uani,
buti zinavuja maji kwenye gazeti la juzi.
Nina dakika arobaini kabla sijaitwa tena.
Nawasha kompyuta.
Nina sayari kumi na tisa za kutawala.

Mchezo huu ni mkubwa kwa umri kuliko binti yangu.
Walioutunga walifunga ofisi, wakaacha mlango wazi:
mistari elfu tisini ya msimbo, ya bure, aitakaye aichukue,
na katikati yake onyo la mtu nisiyemjua:
*usiguse hapa, sijui kwa nini panafanya kazi.*

Nikagusa.

Kwanza nikakuta wafu wanalipa kodi.
Sayari ya Hautu ilikufa njaa mwaka wa mia mbili na sita,
hakubaki hata wa kumzika mwenzake,
na bado kila mwezi hazina yangu ilipokea
sarafu zao mia nane, kamili, bila kuchelewa.
Miaka kumi nilijiita mtawala hodari.
Kumbe nilikuwa nakula makaburini.
Nikasahihisha alama moja, ndogo kuliko chawa,
na kulipokucha dola yangu ikafilisika.

"Sasa umeutengeneza au umeuharibu?" aliuliza Inkeri,
mkate mdomoni, begi la shule begani.
Nikamwambia subiri.
Sikuwa na jibu jingine.

Kisha Waorru.
Maadui wa rangi ya buluu, wakaao kwenye mawingu ya gesi,
walikuja meli moja moja kama kumbikumbi kwenye taa,
nami nikiwafagia huku nakunywa kahawa.
Ushindi wa namna hiyo haushibishi.
Nikautafuta ubongo wao, nikaukuta
kwenye mstari wa elfu mbili mia moja kumi na nne,
na wote ulikuwa huu:
kama una meli, shambulia.

Nimewahi kufanya kazi chini ya mtu wa hivyo.
Kiwanda cha karatasi kilikufa, yeye akahamia kingine.

Nikaandika upya. Hesabu kwanza.
Ngoja wenzako wafike.
Ukizidiwa, rudi nyuma. Ukirudi mara tatu, omba amani.
Wiki sita za usiku, na jaribio la kwanza
meli mia tatu zikageuka kwa pamoja, zikakimbia,
zikapita nyota ya mwisho, zikapita ukingo wa ramani,
zikaendelea kukimbia pale pasipo na kitu
hadi tarakimu zikaisha na mashine ikazimika.
Inkeri alicheka akashika mbavu.
"Baba, umewafundisha woga,
hukuwafundisha mahali pa kusimama."

Nililiandika hilo kwenye kipande cha karatasi.
Kimebandikwa kwenye kioo cha gari, juu ya usukani.

Leo wamesimama.
Wamekuja kwa pande tatu, kimya, wamengojana,
wamekata kwanza njia zangu za mafuta,
wakaiacha Hautu, kwa kuwa walijua ni tupu.
Nimepoteza sayari kumi na mbili kabla kahawa haijapoa
na nimo humu jikoni nacheka peke yangu
kama mwalimu aliyechapwa na mwanafunzi wake kwenye drafti.

Nabonyeza kitufe ambacho sijawahi kukibonyeza: *Omba amani.*

Hakuna kitu.
Nabonyeza tena. Meli za buluu zinasogea.
Nafungua msimbo, nashuka mstari kwa mstari,
na hapo ndipo ninapoona:
niliwafunza kuomba.
Kutoa sikuandika.
Haikunijia kwamba siku moja
anayepiga goti angekuwa mimi.

Naanza: *kama adui ameomba amani, basi*

Simu inalia. Barabara ya Tornio imefunga,
basi la wafanyakazi wa zamu limekwama.
Navaa buti zikiwa bado mbichi.
Inkeri, ukiamka,
usiizime.